Nafasi ya Wifi

"Mama, umesimama pasipo pa kusimama," mtahini alisema, wala hakupandisha sauti. "Nyuma yako kulikuwa na lori. Dereva wake angekuwa anachezea simu, saa hizi tungekuwa tunaongea mengine."

Mwanamke aliyeshika usukani, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu kwa kazi yake ya shule ya msingi, alijua ni kweli. Alikuwa ameendesha vizuri tangu getini. Gia ziliingia bila kelele, kwenye mwinuko gari halikurudi nyuma hata kidogo, na ule mzunguko wenye kutisha kila mwanafunzi aliupita bila jasho. Kisha akamwona mzee mmoja pembeni mwa barabara, anaburuta mguu wa kulia. Hata kuvuka alikuwa havuki, anatembea zake tu. Mguu wa Mwalimu ukaenda wenyewe kwenye breki. Gari likasimama katikati ya barabara, lori likapiga honi ndefu, na mtihani ukaishia hapo.

Hakujitetea. Angeanzia wapi? Angemwambia mtahini kwamba nyumbani ana mwanamume anayeburuta mguu uleule?

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Mtaani walimwita Redio, maana akija kukutengenezea jokofu, ujue utapata na habari zote, za hali ya hewa na za ugomvi wa majirani, na hakuwa na kitufe cha kumzimia. Kiharusi kilimkuta kazini, bisibisi mkononi. Alipotoka hospitali, upande wote wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kwa kusukumwa. Gari lake dogo la kubebea vifaa likabaki uani, limefunikwa turubai.

Mtaalamu wa viungo pale hospitali, dada mmoja mwembamba mwenye mikono ya nguvu, aliwaeleza bila kuzungukazunguka. "Miezi hii ya mwanzo ndiyo ya kazi. Mguu na mkono vinafundishika sasa hivi. Mkivichelewesha, vitazoea kulala."

Alitaka amwone mara kwa mara. Lakini hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji. Basi halikuwa na subira na mtu wa kupanda ngazi taratibu, na madereva wa magari ya kukodi, wakimwona Redio na mkongojo wake, walikuwa wakikumbuka ghafla kwamba wana abiria mwingine anawasubiri. Jirani mwenye gari alisaidia kwa moyo wote, mpaka moyo ukachoka, akaanza kutopokea simu. Ndipo Mwalimu, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kukaa kiti cha abiria na kufumba macho kwenye kona, alipokwenda kujiandikisha shule ya udereva.

Alidhani akishindwa atarudi baada ya siku chache, ajaribu tena. Watoto wake wa darasa la kwanza wakikosea hesabu hufuta na kuandika upya palepale. Alipofika dirishani, karani alimtazama kwa macho ya mtu ambaye tangu asubuhi amekuwa akisema sentensi moja tu.

"Siku hizi hatuandiki mtu hapa, mama. Kila kitu kiko kwenye mtandao."

"Nimetoka huko kwenye mtandao. Unasema hakuna nafasi."

"Basi hakuna nafasi."

"Mpaka lini?"

"Utakwambia wenyewe."

Hakuwa mkorofi, yule karani. Alipovuta dirisha kulifunga, alilivuta polepole, kama anayeona aibu kidogo.

Mkufunzi wake wa udereva, mzee mwenye kofia aliyekuwa kama anaendesha kutoka kiti cha abiria, miguu yote miwili ikikanyaga sakafu, alimfafanulia. "Watu huahirisha, Mwalimu. Mtu anaumwa, mtu anasafiri, anafuta siku yake. Ile nafasi inarudi mtandaoni, ila haikai. Ukipepesa jicho, imeondoka. Kuna madalali wanaolala na simu kifuani, wanazinyakua na kuziuza hapo getini. Usiwaguse. Niliona mwanafunzi wangu amefutiwa kila kitu kwa sababu yao."

Mwalimu hakuwagusa. Alianza kuamka na simu. Aliitazama kabla ya kuwasha jiko, akaitazama huku chaki ikiwa bado mkononi, akaitazama kwenye mapumziko huku watoto wakimzunguka na kumshitakia nani kamsukuma nani. Ukurasa ulijibu vilevile: hakuna nafasi, jaribu tena baadaye. Siku moja tarehe ilitokea. Aliibonyeza, ukurasa ukamtaka aandike nenosiri upya, na alipomaliza kuliandika tarehe ilikuwa imeshakwenda na mtu mwingine.

Nyumbani alimfanyisha mumewe mazoezi kama alivyoona yakifanywa. Mguu ulijitahidi. Mkono ndio uliomtia hofu. Vidole vilianza kujikunja kuelekea kiganjani, na kila wiki vilihitaji nguvu zaidi kuvikunjua. Redio alikuwa akivitazama bila kusema kitu, na kunyamaza kwake kulikuwa kukimuumiza Mwalimu kuliko vidole vyenyewe.

Dada mkubwa wa Redio alikuwa msusi, ana saluni yenye viti viwili na vioo vitatu. Yeye na Mwalimu hawakuwa maadui, ila hawakuwa watu wa kukaa jiko moja. Tangu siku ya harusi Wifi alikuwa na msemo wake kwamba kaka yake kaoa mtu anayeongea kama anasahihisha daftari. Naye Wifi alikuwa akijifunza gari, tena kwa hamu ya muda mrefu; alitaka siku moja ajiendeshe mwenyewe kwenda kununua nywele kwa jumla, asimwombe mtu. Alikuwa ameshaanguka mara mbili kwenye kuegesha kinyumenyume. Tarehe yake ya tatu aliisubiri karibu mwaka, na sasa ilikuwa wiki inayofuata.

Alimwita Mwalimu saluni saa za mchana. Kulikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

"Nimemwona kaka jana," Wifi alisema, vidole havikuacha kusuka. "Nimempa mkono, akanipa wa kushoto. Wa kulia uko mapajani kama mzigo wa mtu mwingine." Akakata uzi kwa meno. "Chukua siku yangu."

"Wifi, haiwezekani. Nimeuliza. Hawahamishi jina."

"Najua hawahamishi. Mimi nafuta, wewe unadaka. Nikibonyeza hapa, hapohapo wewe unabonyeza huko. Dalali gani atakuwa macho saa hizi za kula?"

"Na wewe je?"

"Mimi nywele zinaletwa. Miaka yote hii sijakosa nywele." Aliifuta mikono mafuta, akatoa simu kwenye mfuko wa aproni. "Haya, fungua ukurasa wako kabla sijajionea huruma."

Mwalimu alifungua. Mteja aligeuza shingo kutazama, nusu ya kichwa ikiwa bado porini. Wifi akahesabu kwa sauti, na alipofika tatu akabonyeza. Kwenye simu ya Mwalimu, mahali palipokuwa patupu, tarehe ikachomoza. Aliigusa. Ukurasa ukaleta maandishi madogo, kisanduku cha kukubali, na chini yake swali: una hakika unataka siku hii?

Mwalimu aliyasoma yale maandishi. Alianza juu, akashuka mstari kwa mstari, maana ndivyo alivyowafundisha watoto wa watu maisha yake yote: soma swali kwanza. Kisha akabonyeza ndiyo. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.

Samahani. Nafasi hii imeshachukuliwa.

Mteja peke yake ndiye aliyetoa sauti, "Ee!" ndogo, halafu akaziba mdomo. Mwalimu alimwonyesha Wifi simu. Wifi alisoma, akarudisha ya kwake mfukoni, akachukua kitana.

"Inamisha kichwa," alimwambia mteja, na akaendelea pale alipoishia.

Mwalimu alikwenda nyumbani kwake jioni ile. Alimkuta anaanua nguo. Alitaka kusema kwamba alisoma, kwamba angebonyeza tu isingepotea, lakini Wifi hakumpa nafasi.

"Usinililie. Nimefuta mwenyewe kwa kidole changu."

"Ni mimi niliyechelewa, Wifi."

"Najua ni wewe. Nilikuona unasoma." Alikung'uta shuka kwa nguvu kuliko ilivyohitaji, akamtupia pembe moja ili waikunje pamoja. "Nilitaka kukupiga na kitana. Sasa hasira zimepungua. Ila usimwambie kaka. Ana yake ya kutosha."

Baada ya hapo ikapita miezi. Shule zikafungwa, zikafunguliwa. Mwalimu alimpeleka mumewe hospitali siku alizopata msaada, na zilikuwa chache. Hatimaye nafasi ikatokea mchana mmoja, watoto wakiwa wanakimbizana uwanjani, lakini si katika mji wao. Ilikuwa mji mwingine kabisa, safari ya kutoka alfajiri, barabara ambazo hajawahi kuzikanyaga. Safari hii hakusoma chochote. Alibonyeza kila kilichojitokeza, na ndipo akaangalia anakwenda wapi.

Mkufunzi alifunga safari pamoja naye na gari la shule. Njiani hakumfundisha kitu, alimwambia tu, "Huko hujui mtu na hujui njia. Basi itazame barabara, usitazame watu." Mtahini wa huko alikuwa mwanamke mnene asiyecheka. Alimpitisha sokoni, akampitisha kwenye reli, akamtaka aegeshe kati ya magari mawili yaliyobanana. Waliporudi alisimamisha saa yake na kusema, "Umefaulu. Punguza kushika usukani kana kwamba utaibiwa."

Mwalimu alishukuru, akashuka, akaenda nyuma ya jengo, akalia. Hakuwa analia kwa furaha, wala kwa huzuni hasa. Alikuwa amechoka.

Leseni ilipotoka waliliondoa turubai kwenye lile gari pale uani. Redio alikaa kiti cha mbele cha abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa ndani ya gari lake mwenyewe. Kwenye kila kona mguu wake mzima ulikanyaga breki isiyokuwepo. Mwalimu alimwona, akapunguza mwendo.

Mtaalamu wa viungo alimlaza, akampima mguu, akatabasamu. Kisha akaushika ule mkono. Alikaa nao muda mrefu, akijaribu kidole kimoja kimoja, na tabasamu likaondoka taratibu.

"Mguu tutaupata," alisema. "Huu mkono, sitaki kuwadanganya. Tutaulinda usiume. Kushika bisibisi, hapana. Mngekuja mapema tungejaribu."

"Tulitaka kuja," Mwalimu alisema.

"Najua, mama. Siwalaumu."

Ndani ya gari, kabla ya kuwasha injini, Mwalimu alilivunja lile katazo la Wifi. Alimwambia mumewe yote: siku ya Wifi, ile hesabu ya moja mbili tatu, yale maandishi madogo aliyoyasoma. Alisema akitazama mbele, ukuta wa maegesho, kama mtoto aliyesimamishwa darasani. Redio alisikiliza mpaka mwisho. Alifungua mdomo, ukakataa, akasubiri, akafungua tena.

"Twende... kwa dada."

Saluni ilikuwa imejaa. Wifi alipomwona kaka yake anaingia na mkongojo, akamtazama Mwalimu, alielewa mara moja, akasonya.

"Umemwambia! Nilijua. Watu wa chaki hawana siri."

Redio alimsogelea. Wifi akaacha mashine ya kukaushia nywele ikivuma peke yake mkononi.

"Mjinga," Redio akamwambia. "Wewe... mjinga... sana."

"Ndiyo shukrani yenyewe hiyo?"

"Ndiyo."

Wifi akacheka, na katikati ya kicheko macho yakamjaa. "Zamani ungenisema mpaka niombe maji. Leo umemaliza kwa neno moja."

"Mengine..." Redio alivuta pumzi, uso umekunjamana kwa kuyatafuta. "Mengine yanakuja. Subiri."

Mwalimu hakuacha kuitazama simu. Aliendelea kuitazama asubuhi na kwenye mapumziko, safari hii kwa jina la Wifi na nenosiri la Wifi, ambalo aliweza kuliandika hata akiwa ameziba macho. Siku ilipopatikana ilikuwa ya mvua. Wifi aliegesha kinyumenyume wakati vioo vimejaa ukungu, akasema baadaye kwamba hakuona kitu, na labda ndicho kilichomsaidia. Akafaulu.

Tangu hapo wanapokezana. Siku Mwalimu akiwa darasani, Wifi hufunga saluni kwa saa mbili na kumpeleka kaka yake. Juzi walifika, na mlinzi wa maegesho akamwambia asogeze gari, hapo ni pa madaktari. Wifi akateremsha kioo, akaanza kumweleza mlinzi maisha ya familia nzima. Redio hakungoja waelewane. Alifungua mlango kwa mkono wa kushoto, akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akasimama. Mkongojo aliuacha kitini. Ule mkono wa kulia aliutia mfukoni mwa koti kama mtu asiye na haraka, akatembea mwenyewe mpaka kwenye mlango wa hospitali, huku nyuma yake dada na mlinzi wakiwa bado wanabishana.