Msasa wa Bibi

Wakubwa wa kanisa letu wana tabia moja: ukiwa na nguvu watakutumia, ukichoka watakuhubiria. Bibi wa marehemu mke wangu alifagia kanisa lile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Magoti yalipomgomea, kamati ikampa ufagio mtu mwingine, hata asante ya kinafiki hakuna. Jumapili iliyofuata mchungaji akapanda mimbarini, akanguruma kwamba imani isiyo na kazi ni maiti.

Bibi akarudi nyumbani kwangu, ninakomtunza, hataki chakula.

“Mume wangu,” akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nimwoe mjukuu wake, “nitakwenda kwa Mungu mikono mitupu. Sina kazi mimi.”

“Kazi unayo. Kunisumbua.”

“Hebu nyamaza, huna haya.”

Hakucheka. Mimi na kanisa tuliachana tangu walipochelewesha maziko ya mke wangu kwa ajili ya kikao chao. Lakini kumtazama kikongwe anaogopa kufa, hapana, sikuweza.

Mimi ni seremala. Walikuwa wameniletea mabenchi ya kanisa niyatengeneze bure, kwa jina la Bwana, na Bwana mwenyewe hakuulizwa. Nikamwekea Bibi moja barazani, nikampa msasa.

“Sugua. Kazi ya Mungu hiyo.”

Alisugua huyo, na nyimbo juu! Akala, akalalamika mboga haina chumvi. Tatizo, macho yake hafifu, na alikuwa anasugua kwa kukata nyuzi za mbao badala ya kuzifuata. Benchi likawa kama limeparurwa na paka. Basi kila akijilaza mchana, mimi nalisugua upya, akiamka namsifu.

Siku moja akaamka mapema. Nikageuka, huyo mlangoni na mkongojo wake.

“Unafanya nini hapo?”

“Napangusa vumbi.”

“Kwa msasa?”

Uongo ukaniishia. Akaja, akapapasa ubao kwa vidole.

“Kumbe kazi yangu mbovu.”

“Mbovu, Bibi. Ungekuwa kibarua wangu ningekutimua siku ya kwanza.”

Akajikalisha taratibu. “Basi chakula chako nimekula bure.”

Hapo nikapandisha hasira, si kwake, kwa wale waliomjaza maneno hayo.

“Wewe kikongwe, kwani nakulisha kwa sababu ya msasa? Ulikuwa wangu kabla hujaushika. Usiposugua utakula. Ukisugua ovyo utakula. Ulitaka nikague benchi kwanza ndipo nikupende?”

Akaniinulia uso. Kisha akasema, “Rudia.”

“Nirudie nini?”

“Hayo ya kula.”

Nikarudia, kwa sauti ya chini kidogo. Akaanza kucheka, mapengo yote nje. “Na wewe ndiye unayejidai huna dini! Mchungaji miaka yote hii hajanieleza nikaelewa.”

“Usinitukane, Bibi. Mimi na mchungaji wapi na wapi?”

“Lete msasa.”

“Si nimekwambia utakula tu?”

“Ndiyo maana nautaka. Siku zote hizi nilikuwa nasugua kwa woga, mkono unauma. Lete, mume wangu, usiwe mchoyo.”

Nikampa. Nikamshika mkono, nikauelekeza kufuata nyuzi. Nilipouachia tu, ukaenda ulikotaka wenyewe, na nyimbo juu.

Benchi lile sikulirekebisha tena. Nililipeleka na mikwaruzo yake, nikaliweka mbele kabisa, pale wanapokaa wakubwa.