Mmwagiliaji wa Kombe la Ghuba

Jumamosi ya tarehe ishirini na moja Desemba, Kostansia alirudi nyumbani kutoka zamu ya usiku ghalani saa mbili asubuhi, akalala hadi saa tano na nusu, akabandika maharage, kisha akawasha televisheni. Kombe la Ghuba lilikuwa linafunguliwa Kuwait. Kule giza lilikuwa limeshaingia na taa za uwanja zimewashwa. Huku Reynoldsburg, kando ya Columbus, Marekani, ulikuwa mchana mweupe, na theluji ya juzi imegeuka tope kwenye maegesho ya magari. Watangazaji wawili walikuwa wanazungumza Kiarabu, lugha ambayo Kostansia haijui hata salamu yake. Nyuma yao, karibu na kibendera cha kona, kaka yake Karoli alikuwa anamwagilia nyasi.

Alivaa ovaroli ileile ya kijani na kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo. Karoli alikuwa marehemu mwaka wa kumi na moja huo. Kostansia alipunguza moto, akampigia simu mdogo wao, Jovini, ambaye anaishi Louisville na anafanya kazi kwenye kiwanda cha majokofu.

"Umemwona?"

"Nimemwona, dada. Wamempa mpira mwingine wa kumwagilia. Ule wa mashindano yaliyopita ulikuwa unavuja."

"Mwilini je?"

"Ni yuleyule. Hajanenepa wala hajakonda."

Wakatazama pamoja, kila mtu kwake, simu zikiwa sikioni, mpaka wachezaji walipoingia na Karoli akaburuta mpira wake kutoka nje ya mstari. Maharage yakashika chini.

Mara ya kwanza walimwona mashindano ya mwaka 2017, yale yaliyokuwa yafanyike Qatar yakahamishiwa Kuwait dakika za mwisho kwa sababu majirani walikuwa wamenuniana. Jovini ni mtu wa kutaka ushahidi. Alianza kutafuta mechi za nyuma kwenye simu, mashindano baada ya mashindano, na kila alikofika alimkuta Karoli ameshatangulia. Mwaka 1990, Saudia walipogoma kuja kwa sababu hawakuipenda nembo ya farasi, Karoli alikuwapo. Miaka ile Iraki walipofungiwa nje kwa kuivamia Kuwait, zaidi ya miaka kumi, nafasi yao ilikuwa wazi, na Karoli alimwagilia nyasi ambazo wao hawakuzikanyaga. Mwaka 1982, Iraki walipofunga virago katikati ya mashindano, alikuwapo. Hatimaye Jovini alifika mwanzo kabisa, Bahrain, mwaka 1970: timu nne tu, kipande kifupi cha picha nyeusi na nyeupe, watu wamevaa kanzu jukwaani. Karoli alikuwa nyuma ya goli na ndoo, kwa sababu mpira wa kumwagilia ulikuwa bado haujafika. Wakati ule alikuwa amebakiza miaka kumi na minne kabla ya kuzaliwa.

"Historia yote ya kombe hili naijua," Jovini hupenda kusema kazini, na wenzake hudhani ni mshabiki.

Ni kombe la majirani wanaosusiana na kurudiana. Timu hujitoa, hufukuzwa, hurudi, hupigana mabusu mashavuni mbele ya kamera. Katika miaka hamsini na minne aliyehudhuria yote bila kukosa ni Mrundi mmoja aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wilayani Kasulu, na jina lake halimo katika orodha yoyote.

Karoli alikwenda Ghuba kwa pasi ya kusafiria ya mtu mwingine. Mkimbizi hana pasi, na kule kambini haikuwa ajabu kutumia karatasi ya mwingine. Watu walikula mgao wa chakula kwa kadi za marehemu, wakaitika majina ya marehemu siku ya kuhesabiwa. Alipata kazi ya kutunza nyasi kwenye uwanja mmoja, katika nchi ambayo mama yao, Dafroza, amekataza isitajwe nyumbani. Kila Jumapili alipiga simu. Alikuwa bado anapiga simu siku Dafroza alipoitwa kwenye mahojiano ya kwenda Marekani.

Watu wa kambini walikuwa wameshamwonya: familia yenye mtu asiyeonekana, faili lake huwekwa pembeni. Afisa akamuuliza ana watoto wangapi. Dafroza akajibu wawili. Kostansia na Jovini, waliokuwa wameketi kwenye benchi kulia kwake, wakatikisa kichwa kukubali. Jumapili walipomweleza Karoli alicheka. Akasema wamefanya vizuri, wakishafika watamwita.

Alianguka adhuhuri, kwenye jua, mpira wa maji ukiwa mkononi. Mwenzake alitumia simu ya Karoli kuwaarifu. Walipoandika barua kwa kampuni, jibu lilikuja baada ya miezi minne, mstari mmoja: hatuna mtu wa jina hilo. Kaburi hawajui liko wapi. Siku yenyewe hawana uhakika nayo.

Kwao, matanga hayaanuliwi hivihivi. Ndugu hukutana, jina la marehemu hutajwa kwa sauti, na mmoja wa nyumba ile husimama akasema amelala wapi na lini. Ndipo mfiwa huvua nguo nyeusi, watu hunywa, na nyumba inaruhusiwa tena kuoa na kuolewa kwa ngoma. Dafroza aliingia Buffalo amevaa kitenge cheusi, na mpaka leo, mtaa mzima wa Lower West Side, kuanzia kanisani hadi kwenye duka la mchele, unamjua kama yule mama wa nguo nyeusi. Watoto wake walifuata kazi, mmoja Columbus, mmoja Louisville. Yeye alibaki na vitenge vyake vitatu, vyote vyeusi, akivibadilisha.

Alikuja Reynoldsburg kwa basi siku mbili kabla ya Krismasi. Mechi iliyofuata aliitazama akiwa kwenye kochi, rozari mkononi. Karoli alipopita mbele ya picha, maji ya mpira wake yalivuka kioo cha televisheni yakamwagika kwenye zulia. Hayakuwa mengi. Dafroza aliinua miguu.

"Anatumia maji mengi," alisema.

"Ndiyo kazi yake, mama."

Kufikia nusu fainali zulia lilikuwa chepechepe na majani membamba ya kijani yalikuwa yameota chini ya meza. Bagula, mtu wa Bukavu anayeishi ghorofa ya chini na kufanya kazi Gahanna karibu na uwanja wa ndege, alipanda ngazi akagonga.

"Kostansia, maji inaanguka ku meza yangu. Bon, ni ya Karoli?"

"Ni ya Karoli, Bagula. Nisamehe."

"Ah, hakuna shida. Nilishaweka bassin." Alisimama mlangoni akamtazama Karoli kwa dakika kadhaa. "Ule yaya, mukubwa yako, anatumikaka sana. Na congé, habamupaka?"

"Likizo? Hawampi."

"Donc hata kule mutu anachoka," akasema Bagula, akashuka kwenda kumwaga beseni lake.

Aliyekuwa na shida ni ofisi ya nyumba. Dari ya Bagula ilikuwa imefanya doa la kahawia, na asubuhi ya fainali karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa Kostansia. Ilitaka mambo mawili: chanzo cha maji, na majina ya watu wote waliomo ndani ya nyumba, wakazi na wageni. Ijazwe, itiwe sahihi, irudishwe siku hiyohiyo.

Jovini alikuwa ameshafika kutoka Louisville, amesafiri saa tatu na nusu kwa gari ili watazame fainali pamoja. Dafroza, ambaye hajui kusoma, aliishika karatasi, akaigeuza, akaitazama nembo ya juu.

"Hii ni ya serikali?"

"Ni ya mwenye nyumba, mama," alisema Jovini.

"Lakini ina majina."

"Ina majina."

Dafroza akaiweka mezani na kuilainisha kwa kiganja. "Mwandikeni Karoli."

Jambo hilo walikuwa wameshalizungumza. Mwaka uliopita walikwenda wote watatu kwa mwanasheria anayesaidia watu bure kanisani Buffalo. Aliwaambia inawezekana: waape kwa maandishi kwamba Karoli alikuwa mtoto wa Dafroza, barua ipelekwe ubalozini, huenda wakapata siku na kaburi. Kisha akavua miwani akawaambia kwamba kiapo hichohicho kitasema walidanganya kwenye mahojiano, na kwamba siku hizi hakuna kosa linalosamehewa kwa kuwa la zamani. Kostansia alikuwa ameshaomba uraia. Mahojiano yake yalikuwa mwezi wa pili.

"Ile ya mwanasheria niliiacha," alisema Dafroza. "Nimewaelewa, mnaogopa. Hii ni ya maji tu. Wanauliza nani yumo ndani. Yumo. Maji ni yake. Mkimwandika hapa, mahali pamoja tu, mimi nitasema alikuwapo, nitavua hii nguo. Sitaomba kingine."

"Mama, karatasi za nchi hii zinajuana," alisema Kostansia.

"Zinajuana vipi? Hata ninyi hamjuani na majirani."

Jovini alicheka kidogo, akaacha. Aliwasha televisheni. Bahrain na Oman walikuwa wanapasha misuli. Karoli alikuwa katikati ya uwanja, mgongo kwao, akizungusha mpira polepole ili maji yafike kila upande, na tone moja baada ya jingine lilikuwa linaanguka kwenye zulia la Kostansia.

Kostansia alichukua kalamu akakaa mezani. Aliogopa, na aliona aibu kwa kuogopa, na aibu ile ilimfanya amkasirikie Karoli kwa kuja na maji yake nyumba ya mtu aliyepanga. Kwenye chanzo cha maji aliandika kwamba hakijulikani. Halafu akaandika majina, moja kila mstari, kwa herufi kubwa za ghalani. Aliandika jina lake, la mama yake na la Jovini. Kalamu ikakaa juu ya mstari wa nne. Uwanjani Karoli aligeuka. Hakumtazama Kostansia, alitazama nyasi, akaona pakavu, akapanyeshea.

Kostansia alitia sahihi.

"Umemwandika?" aliuliza Dafroza.

"Nimemwandika, mama."

Dafroza aliivuta karatasi. Hajui kusoma, lakini alisimama miaka mingi kwenye foleni za mgao na kuhesabu anajua. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akashuka wa pili, akashuka wa tatu. Akarudi juu akahesabu tena. Kidole kilikaa kwenye mstari ulio wazi.

Kostansia alingoja matusi. Hayakuja. Mama yake alikunja karatasi mara mbili, akamrudishia.

"Mimi ndiye niliyewafundisha," alisema, akarudi kwenye kochi, akakirekebisha kitenge chake cheusi magotini.

Waliitazama fainali mpaka mwisho. Bahrain walichukua kombe, karatasi za dhahabu zikaanguka kutoka juu, na wachezaji wakazikanyagakanyaga. Baada ya uwanja kuwa mtupu Karoli alitokea na mfuko, akaanza kuziokota moja moja. Matangazo yalikatwa kabla hajafika nusu. Jovini akampeleka mama yao kituo cha basi la Buffalo kesho yake. Fundi wa ofisi ya nyumba alikuja, akapasua ukuta, hakuona bomba lolote, akaziba. Bagula aliliacha beseni mahali pake, kwa kuwa Jovini alimwambia mashindano mengine ni mwaka kesho.

Mwezi wa pili Kostansia alivaa suti ya kuazima akaenda kwenye mahojiano. Afisa alikuwa mwanamke mpole mwenye mafua. Alimuuliza maswali ya historia ya Marekani, Kostansia akayajibu yote. Kisha akafungua faili na kusoma kwamba mama yake ana watoto wawili, yeye na Jovini.

"Ni sahihi?"

"Ni sahihi," alisema Kostansia.

Maji yalianza kutoka kwenye viatu vyake, yakaenea taratibu chini ya meza mpaka kwenye miguu ya kiti cha afisa. Afisa aliyatazama. Akamwambia kwa upole awe mwangalifu asiteleze wakati wa kutoka, akampa karatasi laini za kufutia, akaweka alama ya vema kwenye kisanduku.