Pakiti Tatu za Kijani

...na zile nukta mbili bado zipo, nimefumba macho nikafumbua na bado zipo, za waridi, ndogo kama vichwa vya pini, ndani ya kisahani ambacho hakikupandwa kitu, kisahani ambacho kazi yake yote duniani ni kubaki kitupu, na mwanafunzi wangu Wan-jou amesimama mbele yangu ameshika visahani sita vimepangwa kimoja juu ya kingine, ameshika kwa mikono miwili kama anayempa mkubwa zawadi, glavu zimempwaya, ananiuliza, "Mwalimu, unavionaje?", nami nasema, "Ngoja nitazame," ingawa nimeshatazama, nimeshaona, na huko mwisho wa maabara mwenzake Chia-lun anapiga kelele kwenye simu akiagiza chai ya maziwa, "Ya Mwalimu Kuo sukari kidogo, barafu kidogo, ya Wan-jou jaza sukari yote, leo ameshinda huyu!", na Wan-jou bila kugeuka anamjibu, "Hebu funga domo, utaniletea mkosi," wanacheka wote, kicheko cha watu waliosubiri tangu majira ya baridi, na kweli vile vingine vitano vimeiva waridi kama mashavu ya mtoto, bakteria wetu tuliowafundisha kubadilika rangi wakikutana na ugonjwa wa kuoza mizizi ya maua ya okidi, ugonjwa uliomaliza banda zima la baba yake Wan-jou kule Houbi, alinisimulia siku ya kwanza kabisa, kwamba baba alikata mmea mmoja mmoja na baada ya kila mmea aliuchoma mkasi kwenye moto, na bado haikusaidia, na yeye akasema, "Mwalimu, mimi sitaki medali, nataka baba ajue mapema," nikafikiri wote husema hivyo mwanzoni... siku tisa, zimebaki siku tisa ukurasa wa timu kwenye tovuti ya mashindano ufungwe na majaji waanze kusoma, na kama kisahani kitupu kimeota basi hewa imebeba vimelea kutoka hapa kwenda pale, na kama hewa imebeba, hivi vitano navyo siwezi kuviamini, ni rangi tu, huenda ni uongo mzuri wa waridi, lakini kisahani kimoja ni rahisi kupotea, unasema kilikauka, unasema kilidondoka, najua jinsi inavyofanyika kwa sababu nilifanya, nilikuwa na miaka ishirini, meza hii hii, dirisha hili hili, nukta tatu, nilikifunga kwenye karatasi ya foili nikakisukuma chini ya takataka, na nilipoinua kichwa Profesa Liao alikuwa mlangoni, mlezi wetu wa timu, akatazama pipa, akanitazama mimi, akauliza, "Umekula?", nikasema bado, akanipeleka kula wali na nyama ya nguruwe iliyochemshwa kwenye soya, akaniongezea yai, la pipa hakuligusia, nami nikala nikamaliza, miaka kumi na minne nimekiita kitendo kile wema, na medali ya dhahabu iko kwenye kabati la vioo la mama yangu, nikienda nyumbani wageni wanaonyeshwa, mimi mwenyewe sijawahi kuomba niishike... labda haukuwa wema tu, labda alikuwa ananifungulia mlango, mezani kwa wali na yai, akisubiri niseme mwenyewe, nami nikajaza mdomo... "Mwalimu?" Ndiyo, ndiyo, natazama, lakini hewa imechafukaje, kabati la hewa safi tunamopandia visahani tumelisafisha, chujio ni jipya, feni... feni ilikuwa inakoroma Jumatatu, nakumbuka, nikaogopa isife kabla ya mashindano, nikafanya kama kila maabara inavyofanya hapa, nikanunua vile vitafunio vya mahindi ambavyo watu wa hapa huviweka juu ya mashine kama hirizi ili itulie isigome, vya pakiti ya kijani, maana ya njano haifai kabisa na iliyopitwa na tarehe ni balaa, Chia-lun mwaka jana alikula ile ya juu ya friji kwa njaa na friji likafa wiki hiyo hiyo, mpaka leo wanamwita Muuaji wa Friji, basi mimi nikanunua tatu, moja niliona haitoshi, nikapanda kiti nikazilaza juu ya kabati, bapa, vizuri, zimeegemeana, nainua macho sasa hivi na hizo hapo zimelala kijani kibichi juu ya wavu, wavu mzima zimeuziba, wavu ambao kabati linavutia hewa yake, ee Kuo Hsiu-min, na shahada yako ya udaktari, umeliziba pua kabati lako mwenyewe ili lipumue vizuri, na ningetaka kucheka lakini shingo inawaka moto, kwa sababu sasa nikisema hewa ni chafu watauliza kwa nini, watapandisha macho kama mimi, na wale watoto hawakulala wiki mbili, na nikinyamaza... Wan-jou anainamisha kisahani kidogo kwenye mwanga wa dirisha, mwanga wa saa tisa alasiri ulio mweupe, na chini ya plastiki naona kitu, alama mbili za kalamu ya bluu, ndogo, moja kando ya kila nukta, hivyo ndivyo nilivyowafundisha kuhesabu, weka alama usihesabu mara mbili, ina maana ameshahesabu, na kisahani kitupu nilisema kikae chini kabisa siku zote, leo amekiweka juu, juu kabisa, mbele ya pua yangu, haniulizi kama waridi imependeza, huyu binti, ananiuliza mimi ni mlezi wa namna gani, amebeba jambo lenyewe kwa mikono miwili, mimi katika umri wake nilikuwa na karatasi ya foili, na ghafla kitu kinalegea kifuani, kupanda upya ni siku tatu, tatu kutoka tisa, tunaweza, hata tukikosea tena mara moja tunaweza, na baba yake atajua mapema kwa rangi isiyo ya uongo, chai haijafika, Chia-lun bado anabishana na simu kuhusu barafu, Wan-jou bado ameshika visahani, hajapepesa jicho, nami navuta pumzi, na swali la kama amekula halimo kabisa mdomoni mwangu, kilichomo ni hiki, "Wan-jou, umeona sawasawa, zile pakiti pale juu niliziweka mimi, nisogezee kiti nizishushe..."