Nzi Wenye Unga

Bekari ilikuwa na nzi, na mkaguzi wa afya alishasema: akirudi mwisho wa mwezi akakuta hata mmoja, anafunga mlango.

Walikuwa nzi wadogo kama ufuta. Mwokaji alikuwa na hakika wanatoka kwa jirani, muuza juisi, na alishamtamkia hivyo mbele ya wateja wake. Mkewe hakukubali.

"Nzi hana kitambulisho, baba watoto. Umejuaje ni wa kwake?"

Wakamuuliza binamu wa mke, mtaalamu wa wadudu kwenye kituo cha mazao. Akataka picha ya karibu. Mwokaji akabandika kilenzi cha kukuzia kwenye simu, akakamata nzi mmoja pale pale kwenye meza ya kukandia, akampiga picha.

"Macho si mekundu, kwa hiyo wa matunda siye," binamu akasema. "Halafu mabawa yana manyoya meupe. Huyo anakaa kwenye utelezi wa matundu ya maji machafu. Sugueni, mmwage maji ya moto."

Wakasugua, wakamwaga mpaka kuta zikatoa jasho. Nzi wakazidi.

Siku moja mwokaji alijikuna kichwa, unga ukamdondokea begani. Akautazama. Akaitazama picha. Akaanza kucheka peke yake, mkewe akachungulia kutoka stoo.

"Umepatwa na nini tena?"

"Tumempelekea ndugu yako picha ya unga. Yale si manyoya."

Safari hii alimtega nzi kwa glasi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ambako unga haufiki, akamweka kwenye friji mpaka akalegea. Akampiga picha ubavuni, si mgongoni. Mgongo ulikuwa umenyanyuka kama wa mtu aliyebeba gunia. Mapaja ya nyuma mapana, bapa. Kwenye bawa, mishipa minene ilikuwa imebanana ukingo wa mbele. Mingine ilififia kama mikwaruzo kwenye kioo.

Binamu hakuandika, alipiga simu.

"Shemeji, hapo umenipa nzi. Huyo ni nzi kibyongo. Anazaliwa kwenye uchafu uliooza. Kama juu mmesafisha, basi bomba limepasuka chini ya sakafu."

"Chini wapi?"

"Angalia wanakotokea. Mimi nasoma nzi, sisomi sakafu."

Walikuwa wakitokea kwenye ufa pembeni mwa tanuri, kwenye vigae ambavyo havijamaliza hata mwaka. Mkewe akavitazama kwa huruma.

"Una hakika?"

"Mapaja yale nimeyaona mwenyewe."

Akashika nyundo. Kigae cha tatu kilipong'oka, harufu iliwarudisha wote nyuma, na nzi wakapanda kama moshi. Chini, tope jeusi na bomba lililopasuka. Mwokaji akainua nyundo juu kama kombe. Muuza juisi alikuja mbio kwa kelele zile, akachungulia shimoni.

"Hao nao ni wangu?"

"Wangu, jirani. Wote wangu. Nisamehe."

Fundi bomba akabadilisha bomba, tope likazolewa, sakafu ikafungwa. Nzi waliobaki walikufa wenyewe, hawana pa kutagia. Mkaguzi alikuja, akamulika kila pembe kwa tochi, hakukuta hata mmoja, akanunua mkate.

Vigae vyote vya upande wa tanuri vilikwenda. Mikate ya wiki nzima haikuokwa. Magunia mawili ya unga yalirukiwa na tope yakatupwa. Hoteli ya mtaa wa pili, iliyokuwa ikinunua mikate kwao, ilihamia kwingine, na haikurudi.