Mikebuka wa Ijumaa

Watu wa Lweba, kijiji cha Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, walimcheka Mzee Nicolas mpaka wakachoka. Samaki hupimwa kwa sufuria, walisema, si kwa kijiti. Hakujali. Binti yake Georgette alikuwa anasoma ekolojia chuoni, mbali, na alimwachia daftari na kijiti chenye alama za sentimita: kila Ijumaa, siku ya tano kwa hesabu ya kwao, apime urefu wa samaki ishirini, mikebuka wa ziwani, mwaka mzima.

"Baba, usiruke hata moja," alimsihi. "Wiki moja ikikosekana, wataniangusha."

Vita vikaingia Agosti. Familia baada ya familia ikapanda mitumbwi kuvukia Tanzania, na mzee akabaki anapima. Ilipofika Januari, jirani yao Suzanne, aliyenusurika kwa kujificha shambani kwenye mihogo, alimletea Georgette daftari likiwa limefungwa ndani ya kitenge.

"Nilimwambia, Muzee, tukimbie! Akasema, mi niko na siku ya tano mbili za mutoto zinabakia. Moja alipima. Ile ingine haikumufikia. Balimuua siku ya ine."

Georgette alilia siku tatu. Ya nne akachora grafu, maana hakuwa na kitu kingine cha baba yake cha kushika. Mstari ulipanda: tangu wavuvi wakimbie, mikebuka walikuwa wakubwa kuliko zamani. Aliuchukia mstari ule kama mtu anavyomchukia jirani anayenenepa wakati wa msiba.

Siku ya kutetea kazi yake, profesa aliyeongoza jopo alifurahi kweli kweli.

"Samaki wamekua. Ni hatua gani ya usimamizi iliyoleta mafanikio haya?"

"Watu walikimbia, Profesa."

"Andika, kupungua kwa shughuli za uvuvi." Akafunua ukurasa wa mwisho, akakunja uso. "Na hii Ijumaa iliyo tupu? Mpimaji wako alizembea?"

Georgette alijua jibu la kumpa shahada. Aseme ndiyo, aombe radhi, akae. Neno moja tu juu ya marehemu, nalo marehemu hatalisikia.

"Hapana. Aliyezembea ni mimi. Nilipaswa kumwambia akimbie."

Profesa alitikisa kichwa, akamgeukia katibu. Katibu akaandika: mwanafunzi amekiri uzembe. Wakamkata alama mbili, wakasimama, wakampigia makofi kwa kufaulu.