Kitambaa cha Kompyuta ya Placidi

Placidi alipokufa, funguo za ofisi alipewa mkewe Walburga, kwa sababu ndiye aliyejua zinakaa wapi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja pembeni mwa mji wa Mbinga, cha chama cha wakulima wa kahawa kilichozaliwa soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi na kila mmoja akaja na mizani yake. Marehemu alikuwa katibu. Kompyuta ilikuwa ya mtumba, na ndani yake alikuwa ameweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiolipiwa, kutoka kwenye CD za bure zilizomfikia kwa posta.

Miezi minne sasa Walburga alifanya kila jambo kama anayefua nguo za jirani, bila uchungu wala raha. Alifagia, akafuta vumbi, akanyoosha kitambaa juu ya kasha la kompyuta. Alikifuma mwenyewe, na kwa kuwa ni mzaliwa wa kijiji cha Mbaha kule Ziwa Nyasa, kila pembe aliweka samaki, mbasa mnene. Kilishuka mbele na nyuma inavyotakiwa, maana kompyuta ikikaa uchi ofisini, anayesemwa ni mke wa katibu.

Tatizo, ilikuwa inazimika. Ukiiwasha, dakika kumi tu, kimya.

"Mfumo wa bure na matatizo yake ya bure," alisema mwenyekiti, Mzee Bernadi. "Fundi aje afute kila kitu, aweke huu wanaotumia watu wote."

Walburga aliitikia. Placidi hakuwahi kumwandikia barua, waliishi nyumba moja. Maneno yake yote aliyoandika yalikuwa ndani ya kompyuta. Aliogopa yasije yakapotea, ila hata hofu hiyo ilimfikia kwa mbali.

Fundi Hamphrey alifika Jumanne kutoka Songea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Kabla sijafuta, ngoja ninakili orodha ya wanachama."

Akipekua, akakuta faili iliyoitwa Matengenezo. Placidi aliandika humo kila ugonjwa wa mashine na dawa yake: printa iliyogoma, modemu ambayo Linux haikuitambua mpaka alipoomba msaada kwa watu wa mtandaoni, akasubiri jibu siku tisa. Hamphrey alisoma kwa sauti, akitabasamu kama fundi aliyekutana na fundi. Kisha akamgeuzia skrini.

"Mama, hebu soma mwenyewe."

Walburga akainama. "Inazimika kwa joto. Ni kitambaa, kinaziba feni nyuma. Nikikitoa, inafanya kazi siku nzima. Nisimwambie Walburga, amekifuma wiki tatu. Nikisikia ndara zake kwenye ngazi, nakirudisha." Tarehe ilikuwa ya mwaka juzi.

Hamphrey alikitoa kitambaa, akakikunja, akakiweka kwenye kiti. CD ya mfumo mpya akairudisha mkobani.

"Haina ugonjwa hii, mama," alisema, akaaga.

Mashine ikaendelea kunguruma. Walburga alikumbuka kila mchana alipoleta chakula akakuta kitambaa kimenyooka, akajisifu moyoni. Mwaka mzima na zaidi. Alitoka, akafunga mlango, akashuka ngazi zote tatu. Akazipanda tena polepole, akiburuta ndara ili zisikike, akasimama kidogo mlangoni kumpa mtu nafasi. Ndipo akafungua.

Kitambaa kilikuwa palepale kwenye kiti. Walburga akakaa sakafuni, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.