Mistari Myeupe kwenye Injini ya Baba

Damu ya kwanza ilitoka puani mwa Kifuu, asubuhi, kabla hata hatujafungua geti la gereji.

Kifuu ni kaka yangu wa pili. Jina hilo alipewa kwa ugumu wa kichwa. Aliyempiga ni Kaka Mkubwa, na waligombania gari la Baba, lile kuukuu la kupandia milima, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mwenye machimbo ya mawe alikuwa amesema Jumamosi atalijaribu. Likipanda kilima chake na mzigo, kazi ya kubeba wafanyakazi wake ni yetu mwaka mzima. Kwa jinsi injini ilivyochoka, lisingefika hata katikati.

Kaka Mkubwa alitaka kuifunga supachaja, pampu inayozungushwa na mkanda na kuishindilia injini hewa mpaka ipate nguvu. Kifuu alitaka kuing'oa injini nzima na kuweka ya lori lililopinduka, ambayo tayari ilikuwa imelala sakafuni.

"Injini hii Baba aliifungua na kuifunga upya mwaka mmoja kabla hajafa," Kaka Mkubwa alisema. "Tazama bolti. Una macho au una matundu?"

Kila bolti ilikuwa na mstari mweupe wa rangi. Ndiyo kanuni ya gereji yetu: bolti aliyoikaza Baba kwa mkono wake aliipiga mstari, na bolti yenye mstari haiguswi.

"Baba yuko kaburini, bwana. Kilima utapanda wewe," Kifuu alijibu, akijifuta pua. "Ukiishindilia hewa injini mbovu, itapasuka ukiwa katikati. Utarudi kinyumenyume na watu kumi mpaka korongoni."

"Mbovu? Kazi ya Baba unaiita mbovu?"

Mimi nilikuwa nimeinamia karai la dizeli, nasafisha vyuma. Ile mistari nilikuwa nimeichora mimi. Mikono ya Baba ilianza kutetemeka, akawa hawezi kushika spana, na aliona aibu mbele ya wanawe. Aliniambia, "Chora tu, mama. Nikipata nafuu nitaifungua." Hakupata nafuu. Nilimwapia kwamba sitasema, ingawa mtu kama mimi hahitaji kiapo ili anyamaze.

Kifuu alifunga mnyororo wa winchi kwenye injini, akapachika spana kwenye bolti ya kwanza yenye mstari. Hapo Kaka Mkubwa akaokota spana ya magurudumu na kumpiga nayo mkononi. Nilisikia mfupa ukikatika kama kuni kavu. Kifuu alianguka, akamchota miguu kwa teke, wakabiringishana kwenye oili wakitukanana na kuumana kama mbwa. Kaka Mkubwa ndiye aliyekuja juu. Akainua tena ile spana, safari hii akilenga kichwa.

"Niliichora mimi!" nilisema.

Akageuka. "Bibi Kimya naye leo kaota ulimi?"

"Mistari, Kaka. Baba mikono ilikuwa inatetemeka. Hakuifungua hii injini. Aliniambia nichore tu."

Aliinuka, na kofi lake likanitupa juu ya karai. Nilitema jino ndani ya dizeli.

"Unamsingizia marehemu! Baba yako mzazi! Supachaja naifunga, na Jumamosi utakaa kiti cha mbele, ujionee!" Kisha akamgeukia Kifuu na spana yake.

 Nilichukua nyundo kubwa, nikaipiga injini ya Baba ubavuni. Pigo la kwanza lililia kama kengele. La pili lilinitia ganzi mabegani. La tatu chuma kikapasuka, maji yakanimwagikia miguuni. Kaka Mkubwa alinikamata nywele, akanibamiza ukutani, nikateleza mpaka chini. Lakini injini ile ilikuwa imekufa.

"Sasa naifungua," alisema, akihema. "Nikuonyeshe kazi ya Baba, halafu nikuzike."

Akafungua bolti moja baada ya nyingine, Kifuu akigumia sakafuni bila kutazamwa. Alipoinua kifuniko cha juu, ndani palikuwa na masizi ya miaka mingi. Akapitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda. Ukucha ukakwama kwenye michirizi ya uchakavu, wakati silinda iliyofanyiwa kazi huwa laini. Akapitisha kwenye ya pili, ukakwama. Ya tatu vilevile.

"Alikuambia wewe," alisema polepole. "Mimi mwanawe wa kwanza, akakuambia wewe."

"Alikuonea haya wewe kuliko wote."

 Kaka Mkubwa alivua shati, akalichana, akaufunga mkono wa Kifuu. Gari halikuwa tena na injini ya kuwaka, kwa hiyo akambeba mgongoni kwenda zahanati. Nilifuata nyuma nikitema damu.

"Polepole, punda," Kifuu aliguna. "Na injini ya lori ataifunga nani, mimi nikiwa na mkono mmoja?"

 Kaka Mkubwa alimpandisha kidogo mgongoni asiteleze, akaendelea kutembea.